Mawele ya Mzazi

Hebu nikutegee kitendawili kimoja kabla hujakaa vizuri. Amekula changu kwa mdomo, akanilipa kwa mkia. Ni nani huyo? Usikimbilie kunijibu. Tembea nacho taratibu mpaka mtaa wa Umoja, Nairobi, maana hata Kavutha mwenyewe hakukitegua akiwa amekaa kitini. Alikitegua amepiga magoti kwenye uchochoro nyuma ya nyumba ya mwanawe, mikono vumbini, hasira zimempanda hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, kabla ya ile mvua kubwa iliyobomoa madaraja. Ukambani kulikauka. Mahindi yalikufa yakiwa yamefika magotini, na watu wakapanga foleni juani kungojea mwolyo, yaani chakula cha msaada, mahindi ya gunia yaliyosafiri mbali hata yakasahau utamu wake. Kavutha alipanga foleni kama wenzake. Lakini nyumbani kwake, juu darini, pale moshi wa jikoni unapopita, palikuwa na kibuyu cha mawele. Hayo yalikuwa mbegu, na mbegu haiguswi. Alilala njaa mara nyingi huku kibuyu kikimwangalia kutoka juu.

Ndipo habari zikamfikia kwamba Kavinya, mke wa mwanawe Kiema, amejifungua mtoto wa kiume huko Nairobi. Kwa desturi yao mtoto huyo ilikuwa lazima aitwe Ndete, jina la marehemu mume wa Kavutha, kwa hiyo hata kabla hajamwona alishaanza kumwita mume wangu. Na mama mkwe wa kwao anajua kazi yake: mzazi hunyweshwa uji mpaka maziwa yajae, na uji wenyewe uwe wa mawele. Kavutha akakishusha kibuyu. Akaigawa mbegu mara mbili, nusu ya shamba, nusu ya mume wangu, akaifungasha hii ya pili kwenye kiondo, akapanda basi.

Kiema alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu wa mizaha, mwenye kitambi kilichomtangulia mlangoni. Kavinya alikuwa karani, na wakati huo yuko kwenye likizo ya uzazi. Kavutha alimkumbuka kuwa msichana wa mashavu. Aliyemfungulia mlango hakuwa na mashavu. Macho yalikuwa yameingia ndani, mifupa ya shingo imetokeza, na mtoto mabegani analia kilio chembamba, cha mtu aliyekwisha kata tamaa ya kusikilizwa.

Jioni ile ile Kavutha akapika uji. Kavinya alishukuru vizuri, akauzungusha na kijiko, akauzungusha tena, kisha akaeleza kwa upole, kwani alikuwa mtoto wa adabu, kwamba siku hizi hali wanga. Kavutha akauliza wanga ni kitu gani. Akaambiwa ni ugali, uji, wali, chapati, viazi, mkate, ndizi, hata maharagwe. Kumbe wanga ni chakula, Kavutha akawaza. Akauliza kinachobaki ni nini. Mayai, nyama, siagi na sukuma wiki kidogo. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Phares, aliyefundisha akina mama kila Jumamosi katika ukumbi wa Kaloleni. Alisema mwili ukikosa wanga unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Na kweli unakonda, Mama, Kavinya akasema, sketi ya kazini imebaki kidogo tu initoshe.

"Nani alikwambia umenenepa?" Kavutha akauliza.

Kavinya akaweka kijiko chini. Akautazama mlango wa chumba ambamo Kiema alikuwa akivua viatu huku akipiga mluzi. Kisha akainuka kwenda kumbadilisha mtoto nepi ambayo wala haikuwa imelowa.

Kavutha akaliacha swali pale mezani pamoja na uji, vyote viwili vikapoa.

Siku zilizofuata alikaa akiangalia. Mtoto alikamata titi kwa pupa, akavuta, akaliachia, akalia. Akalikamata tena, akalia tena. "Mume wangu ana njaa," Kavutha akasema, "na nyumba imejaa mayai." Kavinya akacheka kidogo, akasema ni gesi tumboni. Alikuwa na kiu isiyoisha, akipanda ngazi mbili anashika ukuta, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyovunda, au ile dawa wasichana wanayotolea rangi ya kucha. Kavutha alipomwuliza kuhusu harufu hiyo, akajibiwa kwamba Mwalimu Phares aliwaeleza: hayo ni mafuta yanayeyuka, mtu afurahi. Majirani nao walikuwa wameanza kushusha sauti Kavinya akipita. Miaka ile mtu akikonda ghafla, watu walikuwa na jibu lao tayari, na halikuwa la sahani, lilikuwa la ule ugonjwa wa kunong'onezana.

Hasira ya Kavutha haikuwa ya moto wa karatasi. Ilichemka polepole kama maharagwe makavu. Alifikiria wanawake wa kwao waliolala nje ya ghala la chifu ili wapate kibaba. Alifikiria kwamba safari moja tu ya basi kutoka pale, watu wanakwenda ukumbini kwa hiari yao kufundishwa namna ya kukaa na njaa, kana kwamba njaa ni ujuzi unaohitaji mwalimu.

Halafu kiondo kikawa chepesi. Kwanza alidhani ni panya. Asubuhi moja akatoka nyuma kuanika nepi, akasikia kuku wakigombana. Jirani yao, Hikma, mwanamke wa asili ya Pwani aliyefuga kuku wa mayai kwenye banda dogo ukutani, alikuwa amesimama na kopo mkononi akiwarushia nafaka. Kavutha akainama. Punje ndogo, za kijivu, zenye ukijani kwa mbali. Angezitambua hata gizani.

"Mwanangu, haya umeyatoa wapi?"

"Mawele haya? Kanipa Mama Ndete, mkaza mwanao," Hikma akajibu kwa furaha. "Mie nampa mayai, yeye ananipa nafaka. Na wanavyoyapenda hawa, wallahi, tangu waanze kuyala wanataga kama wametumwa."

"Hiyo ni mbegu."

Mkono wa Hikma ukasimama ndani ya kopo. "Mbegu ya kupanda?"

"Ya kupanda. Nimelala njaa nikiiangalia."

Hikma akaweka kopo chini. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, akawafukuza kuku kwa kanga, akaanza kuokota punje moja moja. Kavutha naye akapiga magoti. Kuku mmoja mwekundu alibaki pembeni akiwatazama kwa jicho moja, tumbo limejaa, mkia juu. Sasa nawe umeshajibu kitendawili changu, bila shaka. Amekula kwa mdomo, amelipa kwa mkia. Na malipo yenyewe yalikuwa yakikaangwa kwa siagi jikoni kwa Kavinya, huku mume wangu analia.

"Aliniambia ni chakula kilichomshinda," Hikma akasema, machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, mamangu. Ningejua ningeyala mwenyewe kwa heshima."

Akarudisha yaliyokuwa yamebaki kwenye kopo. Kavutha hakuweza kumkasirikia. Aliingia ndani tayari kupiga kelele, lakini akamkuta Kavinya amekaa kitandani, amemlaza mtoto magotini, anakibinya kifua chake kwa mikono miwili, na hakuna kinachotoka ila tone. Akaziacha kelele mlangoni. Akakaa kando yake, akauliza tena kwa sauti ndogo, nani alikwambia umenenepa. Kavinya akalia kimya kimya, akamwomba msamaha kwa ajili ya mawele, na hilo swali akalipita kama mtu anayepita kaburi.

Basi Kavutha akaamua kwamba ni huyo mwalimu. Nani mwingine? Jumamosi akamfunga mume wangu mgongoni, akafuatana na Kavinya hadi Kaloleni. Ukumbi ulijaa. Phares alikuwa kijana wa tai na sauti tamu, na nyuma yake amening'iniza bango lenye picha ya sahani ya ugali iliyopigwa alama nyekundu ya mkasi. Alieleza kwamba wanga ni adui aliyeketi mezani kwetu tangu utotoni. Akamwita Kavinya asimame, akina mama wamwone. Wakapiga makofi. Wengine walimtazama kwa wivu, ndicho kilichomuumiza Kavutha zaidi: kumwonea wivu mtu ambaye magoti yanatetemeka.

Akasimama.

"Mwalimu, mimi nimetoka Ukambani. Huko tunaufuata mtindo wako huu tangu mwezi wa pili, na hakuna aliyetupigia makofi."

Watu wakacheka. Akaendelea, hakuwa amekuja kuchekesha. Akamwambia mayai na nyama anayowapangia kila siku ni chakula cha tajiri, na mtoto wa huyu aliyesimamishwa hapa hanyonyi mayai wala nyama, ananyonya maziwa, na maziwa yamekauka. Msichana mmoja nyuma akasema, mathe, kaa chini, unatuharibia. Phares akatabasamu, akasema hata ng'ombe hunenepeshwa kwa nafaka, Mama.

"Mwanangu si ng'ombe. Na ni wewe uliyemwambia amenenepa?"

Hapo tabasamu lake likapungua, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama mtu. "Mimi simwambii mtu kwamba amenenepa, Mama. Wakifika hapa wote wameshaambiwa."

Kavutha hakupata nafasi ya kumjibu. Kavinya alikuwa bado amesimama vile alivyoitwa, hakuna aliyekumbuka kumwambia aketi. Akatapika kwenye viatu vyake, akaanza kuhema kwa nguvu kama aliyekimbia kutoka Umoja kwa miguu, kisha akaanguka baina ya viti. Phares akasema apepewe, ni mafuta yanatoka, huwa inatokea. Kavutha akamsogeza kwa kiwiko. Wanawake wawili waliokuwa wakicheka sasa hivi wakambeba Kavinya hadi barabarani, na gari la kwanza lililosimama likawapeleka hospitali.

Daktari aliyewapokea, Owino, alisikia ile pumzi kabla hata hajasikia maelezo. Akamtundikia maji ya sukari, akamweleza Kavutha kwa maneno rahisi. Mwanamke anayenyonyesha hutoa sukari ya mwili wake kwenye maziwa mchana na usiku. Akikatiwa chakula cha wanga chote, mwili hula mafuta yake kwa haraka kuliko unavyoweza kuyamudu, na damu huanza kuwa chachu. Wangechelewa, angewazungumzia mambo mengine.

Kavutha akataka daktari aseme basi kwamba ugali hauna kosa. Daktari hakusema hivyo. Alisema mtu akitaka kupungua si dhambi, mradi aende polepole: aache soda na vya kukaanga, atembee, apunguze ile sahani ya pili ya ugali. Wapo wagonjwa ambao yeye mwenyewe huwapunguzia wanga, lakini kwa kuwapima, si kwa bango. Wanaoukata wote kwa pamoja hukonda upesi, na wengi wakirudi kula, uzito nao hurudi. Na anayenyonyesha asijaribu kabisa. Kavutha hakulipenda lile neno la sahani ya pili, lakini alinyamaza, kwa kuwa mtu aliyemwamsha mkwe wake anaruhusiwa kukosea kidogo.

Kiema akaja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi, hana mzaha hata mmoja. Nyuma yake Hikma akaingia na chupa ya chai mkononi. Ndani yake mlikuwa na uji. Alikuwa ameyapepeta yale mawele yaliyookotwa, ameyasaga, ameupika mwepesi kama Kavutha alivyomwelekeza, na akasema kwamba kuku wake leo wamekula maganda ya viazi, na wakikasirika shauri yao.

Wakamkalisha Kavinya, Hikma akammiminia kikombe. Akakishika kwa mikono miwili. Mvuke ukampanda usoni. Mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja ya Kavutha, amechoka kulia. Wote wakangoja. Kavinya akakileta kikombe karibu na mdomo, kisha macho yake yakashuka kwenye tumbo lake mwenyewe chini ya shuka, na kikombe nacho kikashuka.

Kavutha akaliona hilo. Akajua kwamba daktari amemaliza kazi yake na uji umemaliza yake, na bado kuna kitu kimekaa mlangoni hakipitishi chakula. Hakikutoka kwa mwalimu wa Kaloleni. Yule alikiri mwenyewe kwamba alikikuta tayari kimekaa.

"Kavinya, mwanangu. Nakuuliza mara ya mwisho, na sikuulizi ili nigombane na mtu. Nani alikwambia umenenepa?"

Kavinya akatikisa kichwa. Kwao mke hamsemi mume mbele ya mama aliyemzaa, hata akiwa amelazwa, hata akiwa anakufa. Akakikazia macho kile kikombe, midomo ameibana.

Kiema alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akavua kofia. Akazunguka taratibu mpaka upande wa mkewe, akakishika kile kikombe kwa chini ili kisimwagike.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Siku tuliyomleta mtoto nyumbani. Madereva wenzangu walikuja kumwona. Nikawaambia, hili lori limeshusha mzigo lakini springi bado zimekaa chini. Wakacheka, na mimi nikacheka, na yeye akaingia jikoni kutupakulia ugali."