Jina la Kwenye Kadi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye yadi ya magari, mchana kweupe, na magari yote yamenipa mgongo.

Sikushangaa. Hata nikiwa macho mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimekuwa bibi shamba miaka kumi na saba, nimeona mambo. Nilichojua ni kwamba nimefuata gari la juu, kwa sababu hili langu la chini limezeeka, na barabara za kwenda kwa wakulima wangu kule Kilolo zimelikwangua tumbo mpaka basi. Nilijua pia kwamba yadi imekubali kulichukua la zamani kwa sharti moja tu: jina la kwenye kadi ya gari libadilishwe kwanza.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Nililinunua kwa dalali miaka tisa iliyopita. Nikapewa ufunguo, nikapewa kadi yenye jina la Zefania Ng'umbi, nikasema nitabadilisha wiki ijayo. Hiyo wiki haijafika mpaka leo. Msinicheke, nusu ya magari ninayopishana nayo yanatembea kwa majina ya watu wengine. Majuzi ndiyo nikaulizia, nikaambiwa Mzee Ng'umbi alifariki mwaka uleule aliouza gari, na mjane wake yuko Ipogolo. Saini ya huyo mama ndiyo ninayoihitaji. Kila siku napanga kwenda, kila siku najitafutia kazi nyingine.

Sasa, yadi. Muuzaji anatokea nyuma ya tairi. Amevaa suti, na juu ya suti amefunga mkanda wa gari.

"Karibu dada. Tukusaidie nini?"

"Natafuta gari la juu. La ukubwa wa kati, si kubwa sana."

"La juu kiasi gani?"

"La kupita kwenye makorongo, ndugu yangu. La juu."

Akatazama mawinguni, akapiga mluzi. Ndipo nikaona kwamba yaliyonipa mgongo ni yale ya chini tu. Ya juu yalikuwa juu. Yameegeshwa hewani kwa mistari mitatu, usawa wa paa la ghorofa mbili. Vivuli vyao vimebaki huku chini, na kila kivuli kimewekewa jiwe kisipeperuke.

Kuna ngazi. Napanda. Viatu vyangu vina tope la shambani na naona haya kuchafua vidato vya watu. Muuzaji nilimwacha chini, lakini nafika juu namkuta ananisubiri.

La kwanza ni jeusi, linang'aa. Nauliza kama linakula mafuta sana.

"Muulize mwenyewe, si anakusikia."

"Nakula kawaida," gari likasema, mdomo umejaa. "Ila sipendi kula peke yangu."

Nikachungulia ndani. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sahani mbili, moja imeshalambwa na nyingine bado ina mvuke. Sikuuliza ya pili ni ya nani. Nikasogea kwa jirani yake.

Huyo alikuwa wa rangi ya fedha, amejikunyata katikati ya gari kubwa na gari dogo.

"Wewe ndiye wa ukubwa wa kati?"

"Ndiyo mimi wa kati," likajibu kwa uchungu. "Wa kwanza alipewa jina la babu. Wa mwisho analala na mama mpaka leo. Mimi nimepewa nafasi ya mizigo. Na unajua ni mizigo ya nani? Ni ya hao hao."

Mimi kwetu ni wa kati, wa tatu kati ya watano, kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana. Nikampangusa vumbi la kioo kwa upande wa khanga. Nikajisemea, huyu huyu, sihangaiki tena. Naye akalainika. Akasema basi nitaje jina langu tuondoke.

"Perpetua Kihwelo."

Waipa zikapita mara moja, zikarudi.

"Huyo simwoni," likasema. "Nakuuliza wewe, mzee wangu."

"Mzee gani?"

"Si wewe hapo. Mwenye koti la kaki na kofia ya sufu."

Nikajitazama kwenye kioo cha pembeni. Mle ndani kulikuwa na mzee mwenye kofia ya sufu, ananitazama, amekasirika vilevile nilivyokasirika mimi. Nikanyanyua mkono, akanyanyua. Nikasema hapana. Naye akasema hapana, lakini ya kwake ilichelewa kidogo. Hapo niliogopa. Nasema kweli, niliogopa.

Muuzaji akainama kwa adabu. "Shikamoo mzee. Unisamehe, nilikuita dada."

"Mimi ni mwanamke. Nina mume na watoto watatu."

"Hongera mzee. Ila kadi inasema vingine, na sisi hapa tunafuata kadi."

"Kadi ni karatasi tu."

"Miaka tisa umetembea kwa jina la mtu," akasema taratibu, kama anayenieleza namna ya kufunga mlango. "Ulidhani ni nani aliyekuwa anatembea?"

Mimi nina ulimi, muulizeni yeyote ofisini kwetu. Nikafungua kinywa nimtajie jina langu kwa herufi moja moja, likatoka "Zefa", nikakifunga haraka. Nikawawaza wanangu. Nitabisha hodi, mdogo atafungua, atanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, ataniambia shikamoo babu, mama hayupo. Nikaona nikizidi kukaa huku juu nitapotea mzima mzima.

Nikashuka. Chini hapakuwa yadi tena, palikuwa shamba la mahindi yaliyovunwa, na katikati ya mabua limesimama gari langu la zamani, jeupe, taa moja imepofuka.

"Kamwene," likanisalimia.

"Kamwene."

Miaka tisa hatujawahi kusalimiana. Lilikuwa linakohoa tu asubuhi.

"Unataka kuniacha, sawa," likasema. "Nimechoka, magoti yananiuma, hata sikulaumu. Lakini huyu unamwacha na nani?"

"Huyu nani?"

Kiti cha abiria kikajisogeza nyuma, taratibu, kama mtu anavyotafuta nafasi ya miguu. Kisha kikatulia.

Sikusubiri kuambiwa mara mbili. Nikasema nipelekwe dirisha la majina. Gari likasema si mbali, likafungua kile kisanduku cha mbele cha kuwekea makaratasi, na ndani yake mlikuwa na ofisi. Nikaingia kwa kuinama. Kuna foleni ndefu ya watu wameshika kadi vifuani, hakuna anayegeuka. Lakini walinipisha, kila mmoja ananiambia tangulia mzee, tangulia mzee.

Dirishani amekaa muhuri. Umevaa miwani, uso una wino.

"Nimekuja kuhamisha jina."

"Umekuja na lori?"

"Lori la nini?"

"Kuhama si kuna mizigo, mama."

Ameniita mama. Nilitaka kumkumbatia. Muhuri ukagonga meza mara moja, na kwenye kadi yangu herufi zikaanza kushuka moja moja. Z ilitangulia imebeba godoro. E ikafuata na redio. Zefania lote likapita, moja na jiko la mkaa, moja na chupa ya chai, moja na koti la kaki kwenye hanga. Ng'umbi likaja nyuma. Ile alama ndogo ya juu, katikati ya g na u, ilikuwa ya mwisho kabisa, imebeba kigoda, na ilikuwa inapumua kwa shida. Wote wakasimama ukutani, wakanitazama.

"Linahamia wapi?" muhuri ukauliza.

"Sijui. Popote."

"Jina halilali nje, na Iringa hii ina baridi. Lina kwake?"

"Lina mke. Ipogolo."

"Amekubali kulipokea?"

"Sijamuuliza."

"Miaka tisa hujamuuliza?"

"Nilikuwa na kazi."

Foleni yote nyuma yangu ikasema kwa pamoja, kwa sauti ya chini, kwamba na wao walikuwa na kazi.

Nageuka, na ile foleni ni kochi. Niko sebuleni kwa watu. Ni saa nne asubuhi, jua linaingia mpaka katikati ya sakafu, vitambaa vya kufuma viko kwenye kila kitu. Mwanamke mtu mzima mwenye kilemba cheusi amekaa mbele yangu anachambua mchele kwenye ungo. Hakuna aliyenitambulisha, lakini nilimjua, na yeye alinijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Yeye yuko nje?"

"Yuko kwenye gari."

"Huwa hashuki upesi," akasema. "Anasubiri taarifa ya habari iishe."

Akaweka ungo chini. Juu ya meza, kwenye kitambaa chake chenyewe, ilikuwepo simu ndogo ya vitufe, iko kwenye chaji.

"Hii ni ya kwake. Sijawahi kuizima. Ukiegesha mjini, wale wa maegesho wanatuma ujumbe kwa mwenye gari. Wanatuma kwake." Akaishika, akaanza kusoma bila miwani. "Zefania Ng'umbi, gari lako limeegeshwa Mafinga, sokoni. Zefania Ng'umbi, gari lako limeegeshwa Makambako, stendi, saa tano na dakika kumi." Akatikisa kichwa. "Alikuwa haipendi Makambako. Nikasema labda ameizoea."

Makambako nilienda kununua mbegu.

"Kuna hii," akasema. "Gari lako limeegeshwa hospitali, siku tatu mfululizo. Hapo nililia sana. Nikajua anaumwa tena, na safari hii hata uji sijampelekea."

"Nilikuwa najifungua, mama. Huyu wangu wa mwisho."

"Siku ya nne akaonekana sokoni. Nikamshukuru Mungu, nikapika nyama."

Nilianza kulia palepale, sikujificha. Niliwaza kila mahali nilikoliacha lile gari na kwenda zangu kunywa chai, na huku mtu amekaa sebuleni anashukuru. Miaka tisa nimemtembeza mume wa mtu mkoa mzima bila hodi. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia pia nilichofuata, kwa sababu nilijua nisiposema sitatoka mle nikiwa Perpetua: kwamba nahitaji saini yake, nihamishe jina, niweze kubadilisha gari.

Akairudisha simu kwenye kitambaa chake.

"Ukishahamisha, hii simu itanyamaza."

"Itanyamaza, mama."

"Basi ndiyo nitakuwa mjane."

"Si ulishakuwa, mama yangu. Ulimzika."

"Nilimzika Jumanne. Alhamisi alikuwa Mafinga. Wewe ungekuwa mimi ungesemaje?"

Ningekuwa yeye ningenyamaza, kama alivyonyamaza. Nje, kiti cha abiria kikalia kwenye reli yake. Alisikia, maana alijitengeneza kilemba.

"Kalamu unayo?"

Nikampa. Hakuandika bado. Aliishika juu ya karatasi, akanitazama kwa mara ya kwanza usoni, na nikaona ananiona mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye viatu vya tope.

"Nitasaini. Ila sitaki aishie yadi, katikati ya watu asiowajua, wanamfungua boneti. Mlete hapa kwake aegeshe mara moja tu. Nimwone ameingia getini, halafu simu nitaizima mwenyewe, kwa mkono wangu. Hiyo nayo ni kubwa?"

"Si kubwa, mama."

"Lini?"

Hapo ulimi wangu ulitaka kusema wiki ijayo. Niliusikia kabisa unajiandaa. Zile herufi zilikuwa zimejipanga mlangoni na mizigo yao, ile ndogo imekalia kigoda chake, zote zinasubiri nitasema nini.

"Kesho asubuhi."

"Haya. Nitamwekea maji ya moto."

Akasaini, na mkwaruzo wa kalamu ndio ulioniamsha.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Jambo la kwanza nilitamka jina langu, lote, kwa sauti. Lilitoka salama. Gaudence, mume wangu, akageukia upande wa pili akauliza naita nani. Nikamwambia lala. Nikajiambia ni uchovu, na mawazo ya magari, na yale maharage ya jana. Leo tulipanga kwenda yadi kutazama magari saa tatu, na nikiwa nimelala pale nilishaanza kupanga kwamba Ipogolo nitapita siku nyingine, wiki ijayo hivi, nikishatulia.

Simu yangu ikatetema. Namba siijui. Nilisoma nikiwa nimekaa kitandani, nikarudia kusoma nikiwa nimesimama.

"Habari za asubuhi mwanangu. Natumia simu ya marehemu mume wangu. Geti liko wazi tangu alfajiri. Mje taratibu, huku kumenyesha na barabara inateleza."

Gaudence akauliza nani anatuma ujumbe saa hizi. Nikamwambia ni mke wa mwenye gari, anataka kujua tunafika saa ngapi.