Kitambaa Ambacho Mama Hakukata

Mama yangu ni fundi wa nguo, kwa hiyo alijua nimepungua kabla mizani haijasema. Kila gauni liliponilegea kiunoni alilibana kwa pini likiwa mwilini, akanivua, akalipitisha kwenye cherehani na kunirudishia likiwa limenikaa. Hakunipa hongera hata siku moja. Alisema, "Geuka." Alisema, "Inua mkono." Alisema, "Usibane pumzi, simama kama unavyosimama siku zote."

Hongera nilizipata kwa wengine. Anayetututobolea vitundu vya vifungo ni mzee anayekaa karibu na mlango wa duka letu; tunamwita Redio kwa sababu haijawahi kutokea mtu akamzima. Yeye ndiye aliyenibadilisha jina.

"Zamani Bonge, leo Sindano," aliwaambia wateja. "Mwangalieni vizuri, asije akaanguka chini tukamtafuta kwa sumaku."

Wateja walicheka, nami nilicheka. Nilicheka huku nina njaa.

Nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Magoti yalikuwa yameanza kunikatalia ngazi, na sukari ilikuwa imeanza kupanda, na baada ya kujaribu kila kitu nikakubali. Daktari alinieleza kwamba tumbo litakalobaki litafanana na ndizi nyembamba, na kwamba sehemu itakayoondolewa ndiyo hasa inayotuma habari za njaa kichwani. "Utatulia," aliniambia. Na kweli nilitulia. Miezi ya mwanzo nilikaa mezani nikaangalia chakula kama unavyoangalia picha ya harusi ya watu usiowajua. Vijiko viwili vitatu vya supu, basi. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani nimepona kitu ambacho nilizaliwa nacho.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nashona kola ya sare ya shule, njaa ilirudi. Ilirudi bila kelele, kama mtu aliyetoka mara moja akasahau ufunguo. Nikanywa uji wangu. Kabla sijasuuza kikombe nilikuwa na njaa tena.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hushiba. Mtu akishiba, kuna mahali ndani panaposema "inatosha," na mkono wenyewe unaweka kijiko chini. Mahali hapo pangu palikuwa kimya. Uji ulipita, supu ikapita, viazi vya kupondwa vikapita, kama maji kwenye karai lililotoboka. Nilitamani iwe tamaa, maana tamaa unaweza kuikemea. Hii ilikaa chini ya mbavu ikakwaruza, nikakosea mshono ulionyooka ambao naushona tangu nikiwa mtoto. Nikaanza kula nimesimama, nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo, ili nisionekane nakula mara nyingi.

Sikumwambia mtu. Kaka yangu alikuwa ameomba ruhusa kazini ili anipeleke hospitali. Wifi yangu alinifulia nguo wiki nzima. Mama alifunga duka, yeye ambaye hakulifunga hata alipokuwa na homa, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda changu akinishikia bakuli. Baada ya yote hayo ningesema nini? Kwamba tumbo limekatwa na njaa imebaki? Siku ya kurudi kliniki ilipofika nikakuta nina mashati mengi ya kumalizia. Mama aliniangalia mara moja, akarudi kwenye cherehani yake. Niliogopa kitu kimoja tu: daktari aniambie kwamba imeshindikana, na kwamba aliyeshindwa ni mimi.

Siku shangazi alipokuja kujaribu gauni lake, nilikuwa nimetoka tu nyuma ya pazia na kikombe mkononi. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, na hajawahi kubeba neno moyoni akafika nalo nyumbani.

"Uji tena?" alisema. "Si nimekuacha unakunywa uji nilipokwenda duka la jirani kununua uzi?"

"Ni ule ule, shangazi."

"Ule ule? Kikombe kina chemchemi?" Akamgeukia Redio. "Hebu niambie wewe unayejua kila kitu. Hawa madaktari walimkata tumbo kweli, au walikata kamba wakamwacha mbuzi?"

Redio alicheka mpaka akashika meza. Hata mteja aliyekuja kuchukua suruali alitabasamu, halafu akaona uso wangu akaanza kuhesabu vifungo ukutani. Shangazi naye aliona. "Ah, mwanangu, natania. Umependeza. Umebaki macho na meno, lakini umependeza." Akanipapasa shavu kwa mkono unaonukia marashi, akaenda kwenye kioo.

Nilichukua gauni langu la kijani nikaenda meza ya nyuma, ili niwe na cha kufanya. Gauni lile lilikuwa limepunguzwa mara nyingi, na kiunoni lilikuwa limeanza kutuna kwa ndani. Niliona nikipunguza ziada iliyobaki litakaa vizuri. Nikaligeuza, nikashika wembe wa kufumulia.

Hapakuwa na ziada ndogo. Kitambaa chote kilikuwepo. Kila Mama alipolipunguza gauni lile, hakukata hata uzi. Alikunja kilichozidi, akakilaza pande zote mbili za mshono na kukishikiza kwa mkono, kwa mishono mirefu inayofumuka kwa kuvuta mara moja. Nikatoa gauni la bluu kwenye mfuko wangu wa nguo. Hivyo hivyo. Sketi ya kazini, hivyo hivyo.

Katika duka letu hilo lina maana yake. Mteja wa kawaida akipunguziwa nguo, Mama huacha upana wa kidole na kukata kinachobaki, kwa sababu nguo yenye mzigo ndani haikai. Wanaoachiwa kitambaa chote ni wachache, na mimi nililelewa chini ya meza ile, nawajua: wajawazito na watoto wanaokua. Watu watakaojaa.

Nilingoja. Shangazi akaondoka na gauni lake, Redio akaenda kula. Nikaweka gauni la kijani juu ya cherehani ya Mama, ndani ikiwa nje.

"Mama, hiki mbona hujakikata?"

"Kinakukwaruza?"

"Hakinikwaruzi." Nikaweka la bluu juu yake. "Nimeangalia zote. Zote hujakata. Unangoja ninenepe. Wengine wote wananipa hongera, na wewe umeniwekea kitambaa cha kurudi."

Mama akatoa mguu kwenye pedali. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Mama hana haraka hata ukimlilia.

"Tunawaachia kitambaa akina nani?" aliniuliza, kama alivyoniuliza nilipokuwa najifunza.

"Wajawazito. Watoto."

"Na?"

Nikavuta uzi uliolegea kwenye pindo.

"Na nani, mwanangu?"

Nilikuwa nimewasahau, kwa sababu huwa hawako dukani. Nguo zao ndizo zinazokaa kwenye kamba ya nyuma, zimepigwa bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikizia, mwezi, miwili, mpaka wenyewe wakumbuke.

"Na ambao hawajarudi kujaribu," nilisema.

"Haya." Akalaza kiganja juu ya mshono wa gauni langu. "Walikukata, wakakuambia urudi wakutazame. Hukurudi. Mimi nikate kwa kipimo cha nani? Nguo haiishi siku ya mkasi. Inaisha mwenyewe akiivaa akasema inambana hapa, inamlegea hapa. Wewe hujasema."

Barabarani mtu alikuwa anapiga honi. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja, pale ambapo watoto hukaa wakivalishwa.

"Nina njaa, Mama."

"Sema."

"Kila siku nina njaa. Nikila nina njaa, nikimaliza nina njaa. Ile ya zamani imerudi na mimi sina tena pa kuiweka. Nadhani haikufaulu. Nadhani mimi ndiye nimeiharibu."

Nililia kwa namna ya aibu, pua na kila kitu. Mama akavuta kipande cha pamba kwenye kikapu cha masalia, akanipa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Kila kitu kwenye rafu yangu ya jikoni kina vumbi la cherehani, isipokuwa mkebe wa unga wa uji. Huo haupati muda wa kushika vumbi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema ungesikia sauti ya shangazi yako." "Na nilidhani ndivyo wanavyotaka. Walituambia, chakula laini mpaka tutakapoambiwa vingine. Hatujaambiwa vingine. Ndiyo maana nakuchujia."

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Miezi yote ile, kila alfajiri, mama yangu alikuwa akiniponda viazi, akinichujia supu, akinitolea samaki mwiba mpaka anakuwa kama unga. Agizo lilipaswa kuisha zamani. Sisi wawili tulilishika kama tunavyoshika vipimo vya mteja: haviguswi mpaka mwenyewe arudi. Na mwenyewe alikuwa mimi, nimejificha nyuma ya pazia.

Kliniki tulikwenda wote. Muuguzi wa lishe alikuwa mwanamke mnene, na nakiri jambo hilo lilinipa nafuu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Aliniuliza ninakula nini, nikamwambia.

"Bado?" Kalamu ilisimama. "Uji? Mpaka leo?"

"Hatukuambiwa vingine," Mama alisema, amenyooka kitini.

Muuguzi alitutazama kwa zamu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Mama, umemlea vizuri mgonjwa wako," alisema. "Lakini hicho chakula ni cha wiki za mwanzo. Kinateleza. Tumbo la namna yake linahitaji kitu kizito kidogo, kitafunwe, kikae. Yai, samaki, maharage, nyama laini. Hicho kwanza, mboga baadaye, vya wanga mwisho. Na maji?"

"Nakunywa nikila," nilisema. "Ili nijaze."

"Ndivyo unavyokisukuma chakula chote kipite. Kunywa mbali na chakula." Akaandika nipimwe damu, nionane na daktari siku hiyo hiyo. Kisha akaweka kalamu chini. "Sasa nisikilize. Huenda ukibadilisha haya njaa itapungua. Huenda isiishe. Kwa watu wengi hurudi, ni mwili unadai ulichozoea. Haimaanishi wewe ni mlafi, wala kwamba upasuaji umeharibika. Kuna mengine ya kujaribu, hata dawa. Ila siwezi kutibu njaa ambayo mtu anakuja kunificha. Sawa, mdogo wangu?"

"Sawa."

"Ungekuja mapema ningekuambia mapema," aliongeza, bila ukali, akamwita mwingine.

Siku iliyofuata Mama alisogeza vitambaa mezani dukani akatandika gazeti. Akaweka mayai ya kuchemsha, moja kwangu, moja kwake, na maharage kidogo kwenye kisahani. Maji akayaweka mbali, juu ya mashine ya ovaloki, kama unavyomwekea mtoto mkasi mbali. Tukaketi tunatazamana. Niliogopa. Tangu upasuaji sikuwa nimetafuna kitu kigumu, na nilikuwa na picha kichwani ya kitu kinachokwama. Mama alikata kipande kidogo cha yai lake, akatafuna taratibu sana, macho yake kwangu, nami nikatafuna anapotafuna, nikameza anapomeza.

"Nyie mnashindana nini?" Redio aliuliza kutoka mlangoni.

"Toboa vitundu," Mama alimwambia.

Nikiwa katikati ya maharage, kitu kilinigusa chini ya mbavu. Si ile shibe ya zamani, ile ya kulegeza mwili na kusinzia. Kilikuwa kidogo, kama mtu anayekugusa bega kwenye foleni ili apite. Nikaweka kijiko chini. Nikangoja kiondoke, kikabaki. Mama aliona mkono wangu, akaacha kutafuna, na macho yake yakajaa ghafla, yeye ambaye hospitalini hakutoa chozi. Akainuka haraka akaanza kukunja gazeti.

Ningependa kusema kwamba yaliisha hapo. Hayakuisha. Zipo siku kile kiguso huja, zipo siku hakiji kabisa, nikamaliza chakula changu chote kwa utaratibu wote nikainuka na njaa niliyokaa nayo. Daktari ameniandikia nirudi, na tutaona kuhusu dawa. Jioni huwa ngumu kuliko asubuhi. Kuna wakati nasimama mbele ya rafu ya jikoni mkono ukiwa juu ya ule mkebe, na sijui kama anayeuvuta mkono huo ni mwili wangu au mazoea yangu.

Lakini pazia nimeliachia wanaojaribu nguo. Wiki hii, shangazi akiwa amekaa kabisa kwenye kigoda akisubiri pindo lake, njaa ilinishika mapema, nikaweka sindano chini.

"Mama, nina njaa," nilisema.

Shangazi alifungua mdomo. Akamtazama Mama. Akaufunga, jambo ambalo Redio bado anawasimulia watu.

Mama hakuinua kichwa. "Leo imewahi," alisema. "Malizia pindo la shangazi yako, tule."

Gauni la kijani sasa linaning'inia kwenye kamba ya nyuma, limepigwa bandi, kitambaa chake chote ndani.