Boksi la Kijivu

Kazi yake ilikuwa kukagua takataka. Kwenye mkataba waliandika "mkaguzi wa michoro", lakini yeye mwenyewe hakujidanganya. Kampuni ilikuwa tovuti moja, chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na mashine ya kuchapia fulana iliyonuka rangi mpaka kwenye chai. Mtu yeyote aliweza kutuma mchoro, watu wakapiga kura mtandaoni, na ulioongoza ukachapwa na kuuzwa, jina la mchoraji ndani ya ukosi.

Na watu walituma, jamani! Paka mwenye miwani. Moyo unaovuja damu. Simba mwenye taji, na mwingine, na mwingine tena, mpaka mkaguzi akajiuliza kama kuna simba hata mmoja anayetembea kichwa wazi. Aliwadharau wachoraji, akawadharau wapiga kura, na dharau iliyobaki akamwekea bosi, kijana wa maneno mengi ambaye wafanyakazi walimwita Maono, kwa sababu hakuwahi kuwa na mpango, alikuwa na maono tu.

Lakini mwezi huo mkaguzi alikuwa na lake moyoni. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kushindana, kwa hiyo alijipa jina la bandia akatuma mchoro wake: mama yake mzazi, ameinama juu ya beseni la nguo, kila kunyanzi limechorwa kwa wino. Alikuwa ameuhangaikia kwa miezi, akifuta na kurudia. Hakutaka kitu kingine ila kuuona kifuani mwa mtu njiani. Ukishinda, alijiambia, atajua kwamba na yeye ni msanii, si mzoa taka wa wasanii.

Matokeo yalipotoka, mama wa beseni hakuonekana hata kwa mbali. Mshindi alikuwa boksi. Boksi tupu la kijivu lenye maneno "Weka mchoro wako hapa", ambalo mkaguzi mwenyewe aliliweka kwenye tovuti kuwaonyesha watu mahali pa kupakia picha, akasahau kuliondolea kitufe cha kura.

"Watu wameona mbali!" Maono alipiga meza. "Kila mtu ajichore mwenyewe! Dada, hii ni falsafa."

"Hilo ni kosa langu, bosi. Nilisahau kitufe."

"Usijishushe. Tunachapa, na jina lako ndani ya ukosi."

"Si ulisema wafanyakazi haturuhusiwi?"

"Hiyo ni kwa michoro. Hili ni boksi."

Mkaguzi alicheka kicheko kibaya. Kumbe hao ndio watu aliokuwa akiwahangaikia: wape uso wa binadamu, wao wachague boksi. Mbumbumbu wa kutupwa! Hata hivyo alikaa akalinyoosha pembe zake kabla ya kulipeleka kwenye mashine, maana upuuzi ukitoka na jina lako hutaki utoke umepinda.

Jioni alimpelekea mama yake fulana ya kwanza. Mama aliivaa papo hapo juu ya gauni, akajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Tumeshinda, mwanangu!"

"Tumeshinda na nani, mama?"

"Si uliniambia lile boksi umeliweka wewe? Basi nikawapigia simu ukoo mzima. Shangazi zako, wajomba, mpaka wakwe. Aliyejitia hajui mtandao nilimfuata kwake. Baba yako mdogo akauliza mbona halina picha. Nikamwambia funga mdomo, piga kura."

Mkaguzi akajikalia kitini. Ni kweli alimwambia, siku mama alipouliza kazini anafanya nini hasa. Alimjibu kwa mkato, kama mtu anayemfukuza mtoto mlangoni.

"Na michoro mingine uliiona?"

"Yote. Nilitaka nijue unashindana na nani." Mama akashusha sauti. "Kuna mmoja wa kikongwe anafua nguo. Huo uliniuma. Mtu kakaa akamhesabia mwenzake makunyanzi yote, macho hata hakumpa. Sijui huyo mama alimkosea nini. Unamjua aliyeuchora?"

"Simjui, mama," mkaguzi alisema, na aibu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko dharau yake yote.