Sauti Iliyochelewa Kurudi

Tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa kuwa alikuwa haishi kuimba. Lakini ndani ya kile kijichumba cha kurekodia, wimbo ulimshinda. Mumewe, fundi wa sauti, alikijenga kwenye kona ya sebule na kukiziba kwa sponji kuanzia sakafuni hadi darini, kitasa cha ndani kikafunikwa humo humo. Ukiingia, hutoki mpaka ufunguliwe.

Aliimba neno, na neno lilelile likamrudia kwenye hedifoni likiwa limechelewa kidogo, kama mtu anayemwiga kwa kejeli. Akijaribu kulisubiri, ngoma inamwacha.

"Umechelewa tena," mumewe alimwambia kutoka nje.

"Sauti ndiyo inayochelewa kunirudia."

"Mama watoto, mashine haimsingizii mtu. Rudia."

Akarudia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kwenye kidirisha cha kioo hakuona kitu ila kisogo cha mumewe kikiinamia kompyuta. Siku hizi hata akifua nguo alikuwa akianza wimbo anasita katikati, kama anayesubiri ruhusa.

"Labda nimekwisha kweli," alimnong'oneza mdogo wake, mpiga kinanda wa bendi, siku alipokuja kuwatembelea.

 Mdogo mtu alimgeukia fundi. "Shemeji, hebu niingie mimi."

Aliimba mstari mmoja tu, akagonga kioo afunguliwe.

"Humo ndani mtu ana pacha mzito wa kuelewa, kila neno analirudia nyuma yake," alisema. "Wewe umewahi kuimba humo, shemeji?"

Fundi alikuwa hajawahi. Aliingia huku akicheka, na Chiriku akamfungia, akakaa kwenye kiti cha mumewe na kuwasha ngoma. Fundi alianza vizuri, akajikwaa kwenye maneno, akaanza tena, akajikwaa palepale. Kicheko kikamwisha. Akasukuma mlango.

Chiriku alikishika kipaza sauti kilichokuwa mezani bila kuinuka. "Umechelewa," alisema taratibu. "Rudia."

Mumewe aliporudia mara nyingine, ndipo Chiriku akamfungulia. Fundi alitoka shati limemganda mwilini.

"Niliipitisha sauti yako kwenye kompyuta, nikaitia mwangwi na mapambo yote kabla haijakufikia," alisema, macho chini. "Nilitaka ujisikie ukiwa unang'aa. Sikujua nakuchelewesha."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Akazungusha kitufe kwenye kisanduku cha kurekodia, ili sauti imfikie Chiriku masikioni moja kwa moja bila kuzungukia kwenye kompyuta. Chiriku akasema mlango ubaki wazi, hata kama kelele za barabarani zitaingia. Fundi hakubisha.

Sauti ilimjia kavu, haina urembo wowote, lakini ilikuwa yake na ilikuwa pale pale. Aliimba wimbo mzima bila kusimama. Ulipokwisha, mumewe alisema zile nyimbo walizorekodi mwanzo itabidi zirudiwe zote.

"Zitarudiwa," Chiriku alisema akivua hedifoni. "Siyo leo."

Akavaa viatu, akatoka na mdogo wake kwenda kupunga upepo.