Mimba ya Mto wa Pamba

Jumamosi, baada ya maharage na mkate wa mahindi, Dada Earline Mabry alijifunga mto wa kulalia tumboni, akashusha gauni, akaanza mazoezi ya kuigiza mama anayejifungua katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, magoti yakimlia kama bawaba. Wasichana wa kanisa walikuwa wameikataa nafasi hiyo, naye alipenda kutazamwa kuliko alivyowahi kukiri mbele za Mungu.

Mchezo aliutunga kwa ajili ya mjukuu wake Janelle, mwenye mimba ya miezi minane. Janelle alivimba miguu na kuumwa kichwa. Daktari alimwambia ni woga tu, anywe maji, kama alivyowaambia wanawake Weusi wengi wa sehemu ile ya Alabama. Earline akamwalika daktari akae kiti cha mbele, asikie.

Wiki ya pili mto ulianza kupiga mateke. Delphine, mkunga wa mtaa, akatega sikio.

"Kamegeuka vizuri, kichwa chini. Ila punguza chumvi, Bibi."

"Mto wangu, chumvi yangu."

Jioni ya onyesho uchungu ulimshika Earline kabla ya zamu yake kufika. Akapiga yowe. Kanisani kwao anayepiga yowe kashukiwa na Roho, basi wahudumu wa mlangoni wakamkimbilia na glavu zao nyeupe, wakampepea. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafunza.

"Si Roho, ni mtoto!"

"Sema, dada!" waumini wakaitikia.

"Nasema! Na wewe Lucius, pepea uso, si wigi!"

Delphine alisukuma shoka chini ya kitanda cha jukwaani likate uchungu, kama bibi zao walivyofanya, akamzalisha. Akatoka mtoto wa kike wa pamba, mwenye mshono ubavuni na mapafu mazima. Earline akawainamia watazamaji mara tatu; moja ingetosha.

Daktari alisimama wa kwanza, machozi yakimlengalenga. "Maumivu yale niliyaamini kabisa."

"Basi mtazame Janelle."

"Daktari, naona vimulimuli machoni," Janelle alisema, kashika kichwa.

Daktari akatabasamu. "Woga tu. Anywe maji."

Delphine akawasha gari kwenda hospitali ya mji mwingine, mbali. Earline alikaa nyuma na mjukuu wake, mtoto wa pamba akilia mapajani.

"Tukifika, kunja uso kwanza," alimwelekeza. "Halafu ndipo upige yowe."

"Bibi, mimi naumwa kweli."

"Najua, mwanangu. Kunja uso."