Tisa Tatu

Zabron alipoinua ncha za karata zake mbili akaona tisa ya pau na tisa ya uru, hakufurahi. Tangu asubuhi mkono wake ulikuwa mbaya, na mtu aliyepigwa sana huiogopa hata bahati. Alizilaza kifudifudi, akazifunika kwa kiganja, akamtazama Masumbuko.

Walikuwa wamebaki wawili. Wenzao walikwisha kurudi kwenye malori yao, yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Chumba kilikuwa cha nyuma ya mgahawa wa Mama Edina, na moshi wa majiko uliingia kupitia dirisha pekee. Mgawaji alikuwa Watson, dereva wa Kitwe ambaye mzigo wake ulikuwa umekwama forodhani. Ndiye aliyewafundisha poka: kila mtu karata mbili za siri, tano zinafunuliwa mezani kwa wote, na mwenye karata tano nzito kuliko mwenzake ndiye anayekula. Walichezea vizibo vya soda. Ila siku ile vizibo vya Masumbuko vilisimama badala ya maksai wake wawili wa kulimia, aliowauza mnadani asubuhi hiyohiyo. Vya Zabron vilisimama badala ya kompresa yake. Bila kompresa Zabron hakuwa fundi matairi. Alikuwa mtu tu aliyekaa kando ya barabara.

Masumbuko, mfugaji wa kule bondeni Momba, alikuwa amesema mapema, bila kuulizwa, kwamba fedha za maksai ni za kumpeleka binti yake Ruti akapasuliwe mguu Mbeya, na kwamba hazijatosha.

Watson akafunua tatu za kwanza: tisa ya shupaza, mfalme wa kopa, nne ya kopa.

Tisa tatu. Zabron alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Mkono kama huo mtu anaweza kucheza mwaka mzima asiupate.

Lakini mezani pale palikuwa na kopa mbili. Kama Masumbuko alificha kopa mbili nyingine, alihitaji moja tu, na kopa tano huziua tisa tatu. Watson alikwisha kuwaonya mara nyingi: ukiwa na mkono mzito na mwenzako anawinda, mtoze ghali. Sukuma rundo, mwache aamue kama ana ubavu. Na Zabron alimjua Masumbuko. Akisukumiwa rundo, hutupa karata. Angetupa, angepoteza vizibo vichache vilivyokwisha ingia, angefunga fedha zake kwenye shuka na kwenda zake kwa Ruti.

Zabron akasukuma vizibo vinne tu.

Alijiambia ni huruma. Mzazi mwenye mgonjwa hakabwi koo, alijiambia, na maneno hayo yalimkalia vizuri kifuani. Chini yake, hata hivyo, palikuwa na jingine ambalo hakutaka kulitazama usoni: huyu akikimbia sasa, nitapata nini? Maksai wawili wako hapa. Mwache asogee. Mwache aingie mwenyewe mpaka ndani, ndipo nifunge mlango.

"Nafuata," alisema Masumbuko.

Watson akafunua ya nne: sita ya pau. Haikumsaidia yeyote. Masumbuko aliinua karata zake, akazilaza, akaziinua tena, akajilamba mdomo. Zabron aliona. Anawinda, alijua kabisa sasa. Bado nafasi ilikuwepo ya kumfukuza.

Watson, ambaye macho yake hayakuwa mageni kwa mambo hayo, alikohoa, akasema kwa adabu ya kwao: "Fundi, mukwai. Zamu yako. Fikiri vizuri."

Zabron akahesabu vizibo sita, akavisogeza taratibu kama mtu asiye na haraka wala mkono mzito.

Masumbuko alivitazama jinsi mtu anavyotazama bei ya chini sokoni, akitafuta kasoro ya bidhaa. "Kwa bei hii," alisema, "nitaona."

Ya mwisho ilikuwa jeki ya kopa.

Masumbuko hakutikisika. Kisha akavikumbatia vizibo vyake vyote kwa mikono miwili, akavimwaga katikati. "Vyote, kaka."

Zabron alijua, kama mtu anavyojua kwamba simu ya alfajiri ni ya msiba. Angeweza kuzitupa. Vizibo zaidi ya nusu vilikuwa bado mbele yake, na kompresa ilikuwa bado yake. Lakini zilikuwa tisa tatu, alizozisubiri tangu asubuhi, na kichwani mwake maksai wale walikwisha kuwa zizini kwake. Hakuweza kuwafungulia.

"Nafuata," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Masumbuko akafunua ree ya kopa na saba ya kopa.

Watson aliziokota karata moja moja, akatoka nje.

"Ungesukuma nyingi pale mwanzo ningetupa," Masumbuko alisema polepole. Hakuwa akimcheka. "Nilishazishika nizitupe. Kwa nini ulinibembeleza?"

Zabron alifungua kinywa ataje huruma, ataje Ruti. Akakifunga, akaanza kuvikusanya vizibo.

Kompresa ilichukuliwa jua likiwa bado kali. Masumbuko hakujua kuuchomoa mpira wake, kwa hiyo Zabron aliuchomoa mwenyewe, akauzungusha, akaufunga kwa waya usiburuzike. Wakaibeba pamoja mpaka kwenye toroli. Hapo ndipo Tukuswiga, mke wake, alipofika na chakula cha mchana.

"Baba Tumaini, imeharibika?"

"Inapelekwa kutengenezwa."

Akampa bakuli. Masumbuko aliinamisha kichwa, akamsalimia, akaondoka na toroli upande wa Zambia, ambako aliiuza kabla ya jua kuzama.

Zabron alijaribu kumfurahia yule mtoto, Ruti. Alijitafuta ndani kote. Alichokuta ni kwamba alitamani fedha zile bado zisitoshe, ili asiwe yeye peke yake aliyepoteza. Alipojikuta na wazo hilo aliweka bakuli chini.

Tukuswiga alizipata habari sokoni baada ya siku chache. Hakupiga kelele; angepiga, labda pangekuwa na kitu cha kujibu. Alikunja nguo za watoto, akamwambia, "Nakwenda Ileje kwa baba. Usinifuate mpaka uwe na la kuniambia." Alikaa mwezi, kisha wa pili. Zabron alipiga simu mara nyingi, na kila mkewe alipopokea, Zabron aliishia kuuliza kama watoto wamekula.

Kibanda alikiacha wazi, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Asubuhi moja lori la mahindi lilisimama, dereva akachungulia akionyesha tairi la nyuma.

"Fundi, upepo!"

Zabron alinyoosha mkono upande wa barabara iendayo Mpemba. "Mbele kule," alisema. "Kuna mwingine."

Dereva akashukuru, akatia gia.