Maharage ya Kwenda Ulaya

Harage linalokwenda Ulaya halitakiwi kujikunja. Nalepo alilijua hilo kwa kiuno chake, maana huu ulikuwa mwezi wa nane ameinama kwenye matuta ya Madam Hedwiga kule Kisongo. Huliwa na ganda lake likiwa changa, hivyo unakata kikonyo kwa kucha, huvuti. Unalilaza kwenye kreti taratibu. Likijikunja linatupwa, na wewe unatukanwa.

Mshahara hakuna, haya ni mafunzo. Madam alikuwa na ofisi ya kupeleka vijana nje, na siku ya kwanza aliwaeleza vizuri kabisa: Australia wanatoa viza ya likizo na kazi, unatembea nchi ya watu huku unachuma matunda, unalipwa kuliko daktari wa hapa. Ila lazima uwe na cheti cha uzoefu wa shamba, na uwe hujafikisha miaka thelathini na moja. Pasipoti akazikusanya zote, akazifungia kabatini kwake Njiro, eti zisipotee.

Nalepo alikuwa anafikisha thelathini na moja mwezi ujao. Mtoto wake alikuwa Terrat kwa bibi yake, na kila akipiga simu aliulizwa swali lile lile, mama unapanda ndege lini.

"Shikamoo, Madam," alisema Jumatatu, Madam alipokuja kukagua. "Kuhusu ile viza. Mwezi ujao umri unanipita."

"Marahaba. Nalepo, wewe kila siku viza. Cheti chako anasaini nani?"

"Wewe, Madam."

"Basi chuma."

Akachuma.

Mchana, wakila makande, Ezra wa tuta la pili alimsogezea simu. Alikuwa ameingia kwenye tovuti ya serikali ya huko huko Australia, penye orodha ya nchi ambazo watu wake wanapewa viza hiyo. Nalepo aliipitia mara tatu kwa kidole. Tanzania haimo.

"Labda wamesahau," alisema.

"Nchi nzima?"

Ezra alitaka waende kumshtaki. Kwa nani sasa, na wakubwa wote wanakula Krismasi kwake? Nalepo hakulia. Hasira iliyompanda ilikuwa tamu, ya kumfanya mtu atabasamu peke yake. Miezi minane! Mwanamke amewafuga watu wazima kumi na wanne kama ng'ombe wa maziwa, tena wanamshukuru.

Jumatano jioni, wenzake wakinawa, alijivika mgongoni bomba la kupulizia dawa. Alichagua ile dawa kali ya wadudu, ambayo kopo lake linakataza kuvuna kabla ya siku kumi na nne. Mavuno yalikuwa kesho yake, na wanunuzi wa Ulaya hupima kila mzigo kabla haujasafiri. Alipiga matuta yote, kwenda na kurudi, na kila hatua alimtaja Hedwiga kwa jina, bila hiyo Madam.

Alhamisi walichuma. Mikono iliwawasha wote, na Nalepo aliona haya kidogo mbele ya Ezra, lakini akaendelea kuchuma. Ijumaa asubuhi lori lilirudi na mzigo wote. Wanunuzi walikuwa wamepima, wakakuta dawa, wakaukataa, wakavunja na mkataba. Madam alisimama mlangoni pa stoo, karatasi mkononi, midomo imempauka. Nalepo alimtazama mpaka akashiba.

Kisha Madam akakunja karatasi.

"Romanus," alimwita dereva. "Peleka sokoni mjini. Usiyatoe kwenye makreti, wakiona maandishi ya Ulaya watayagombania."

 Nalepo alimfuata ndani ya stoo.

"Madam, yasiuzwe. Dawa nimepiga mimi. Watu wataumwa."

Madam alimkagua kama anavyokagua harage.

"Mwingine anajua?"

"Hapana."

"Sawa. Huko hakuna wa kupima." Alifungua mkoba, akatafuta miwani. "Na ukipiga kelele, aliyetia sumu ni wewe, si mimi. Utafungwa wewe. Kesho uwahi, tunapanda upya."

Nalepo alitoka mbio hadi barabarani, akakodi bodaboda, akalifuata lori. Alipofika sokoni makreti yalikuwa yameshashushwa, na akina mama wamejaa pale wakisukumana kwa viwiko. Maharage yalikuwa yamenyooka, ya kijani, hayana doa. Hawajawahi kuuziwa kama hayo.

"Msinunue," alisema. Akapaza sauti. "Jamani, msinunue, yana sumu. Yamekataliwa kwenda Ulaya."

"Yamekataliwa na nani, na wewe?" mama mmoja alimjibu bila kugeuka. "Mnataka mazuri yote yaliwe na Wazungu. Sisi tule yaliyojikunja tu?"

Watu wakacheka.

"Nimepulizia mimi, kwa mikono hii."

"Huyu anataka tuondoke anunue peke yake," alisema mwingine. "Dada, panga foleni kama sisi."

Romanus alimshika bega, akamsogeza pembeni. Hakumsukuma, alimsogeza tu, huku akiendelea kuuza. Pale mbele mama mwenye mtoto mgongoni alichagua fungu kubwa kuliko yote. Akachomoa harage moja, akalivunja, likalia kwa ubichi. Nusu akala yeye. Nusu akampa mtoto.